Siku Niliyompandisha Baba Mnara

Fundi viatu wa Auburn aliugeuza ule mkoba mara mbili, akaunusa kama mtu anayechagua tikiti sokoni, kisha akaniuliza mkoba una miaka mingapi. Nikamwambia ishirini na kitu. Akasema ngozi ni nzuri sana, ya Kiitalia, lakini mkoba huu haujawahi kubeba kitu. Mkoba usiobebwa hukauka ukapasuka kwenye mikunjo, akasema, afadhali ungetumika kila siku mpaka uchakae. Halafu akaingiza kisu chini ya mshono wa kamba, akauchana, na harufu iliyokuwa imejifungia humo miaka yote ikatoka. Nilikaa kwenye kibenchi chake cha wateja nikajifanya nasoma simu.

Si harufu nzuri. Ni ngozi iliyoivishwa kwa dawa, na kwa mbali kitu kama yai viza. Nilipokuwa na miaka kumi niliamini hiyo ndiyo harufu ya elimu. Leo najua ni harufu ya baba yangu, ambaye tulimzika mwezi uliopita, na najua pia nilichomfanyia. Hicho cha pili ndicho kinachoniandikisha haya.

Tulikaa Toongabbie, kitongoji cha Sydney, nyumba ya matofali mekundu nyuma ya stesheni, watu watatu tu. Mama ni Mtaita, baba alikuwa Mkikuyu, kwa hiyo Kiswahili ndicho walichooania na ndicho walichonisemesha. Mimi nilielewa kila neno, nikawajibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa kanisani kwetu. Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa sababu nimerithi jina la mama yake mzazi. Anayedhani hilo ni jina la kubembelezea mtoto hajui uzito wake. Nikimsifu kwa jambo dogo, hata kwa kugeuza chapati vizuri, alitembea siku nzima ameinua kidevu. Nikimnunia, alikosa raha mpaka nimcheke.

Alikuwa na digrii ya kilimo kutoka nyumbani, na hapa Sydney aliogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakulalamika, ila vitabu vyake vya mimea alivipanga sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuvikosa. Basi siku moja ikaja barua: amepata nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa, magonjwa ya mimea, katika mji wa Pisa, Italia. Chuo cha kale, akatuambia, watu walikuwa wakisoma pale karne na karne. Kanisani wakamwombea, wakamchangia koti la baridi, na kabla hajapanda hata ndege kina mama walikwisha kuanza kumwita mama "Mama Dokta". Hilo ndilo kosa letu sisi, kumvika mtu kofia ambayo bado haijashonwa. Mara ya kwanza mama alikataa, mara ya pili alicheka, mara ya tatu aliitika.

Krismasi ya pili bila baba, mama alinyimwa likizo kazini kwake hospitalini, ikaamuliwa niende peke yangu. Nilikabidhiwa kwa dada wa shirika la ndege nikiwa na kifuko cha pasipoti shingoni. Niliiacha Sydney watu wakiungua jua, nikashuka Pisa katika baridi iliyonikausha meno. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi na lile koti la kanisa, limemzidi mabega. Aliponikumbatia, kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba ananuka. Akacheka. “Hiyo ndiyo maabara, Maitu,” akasema. Nikaipenda ile harufu papo hapo. Nilipanga kuwaeleza watoto wa shule yangu kwamba baba yangu ananuka sayansi.

Alikuwa akikaa chumba kimoja na jiko karibu na mto, pamoja na kijana wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, akisomea utabibu. Jina lake Désiré, mimi nikimwita mjomba Dezi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, Kiswahili chake kimetiwa Kifaransa kidogo, na yeye ndiye aliyenitazama baba alipokuwa kazini. Baba aliondoka kabla ya mapambazuko kwa basi la kuelekea bara, mkate wake umefungwa kwenye karatasi, akarudi alasiri amechoka, kucha zake zina rangi ya samawati iliyokataa kutoka hata kwa brashi. Nilimwuliza ni nini. Akasema ni dawa wanayopimia majani. Mjomba Dezi akainamia sahani yake akala kwa bidii. Nakumbuka nilidhani chakula kimemkolea.

Maabara ilipofungwa kwa Krismasi tukaanza kutembea. Alinipeleka kwenye bustani ya mimea ya chuo, ambayo alisema ni ya zamani karibu kuliko zote duniani, na pale mlangoni akalipa kiingilio. Nikamwuliza mbona analipa shuleni kwake. Akasema leo amekuja kama mgeni wangu. Ndani alikuwa mtu mwingine. Alitaja kila mti kwa jina lake la Kilatini, akaokota majani, akanionyesha madoa, akaeleza huu unaugua nini na ule utapona vipi. Sijapata kumwona na furaha kama ile, si kabla wala baadaye.

Siku nyingine tulichukua treni hadi Lucca, tukaendesha baiskeli juu ya ukuta unaouzunguka mji mzima, ukuta mpana wenye miti juu yake. Tukaenda hadi mto unapoingia baharini, ambako wavuvi wana vibanda juu ya nguzo na wavu mkubwa wa mraba ambao hushushwa na kuinuliwa kwa gurudumu. Tulisimama pale saa nzima na wavu ukapanda mtupu kila mara, baba akisema huyu mzee mwenye wavu angekuwa Mkikuyu angekwisha kuuza kibanda. Tulikula mkate bapa wa unga wa dengu, wa moto, wenye pilipili manga, ukiacha mafuta kwenye karatasi. Kaskazini kulikuwa na milima myeupe, nikashangilia theluji, maana sikuwahi kuiona. Baba akaniambia si theluji yote ile, sehemu kubwa ni mawe, watu wameukata mlima wakafikia marumaru. Nilikasirika kidogo, kana kwamba milima imenidanganya.

Na mjini tulikutana na watu wamevaa mataji ya majani kichwani, wenzao wakiwaimbia na kuwatania mitaani. Baba akaeleza kwamba hao wamehitimu leo, ndivyo wafanyavyo huku, taji la yale majani tunayotia kwenye pilau. Nikamwuliza lake lini. “Siku yangu ikifika, utanivisha wewe,” akasema.

Mnara nilikuwa nimeuomba tangu siku ya kwanza. Kila mtoto duniani ameuona ule mnara ulioinama kwenye picha, na mimi nilikuwa nakaa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwake. Baba akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Alikuwa mwoga wa kimo. Toongabbie, balbu za dari alizibadilisha mama. Zikabaki siku mbili nirudi Sydney, nikalia machozi ya kweli, akakubali. Mjomba Dezi akatusindikiza mpaka kwenye yale majani mabichi yaliyouzunguka, na baba akaenda kupanga foleni ya tiketi.

Nikamwuliza mjomba Dezi kama naye anapanda.

“Mimi hapana, petite,” akasema. “Sisi wanafunzi hatupandi mnara hii mbele ya kumaliza. Ukipanda, diplome hupati. Hata Waitaliano wenyewe wanaogopa.”

Alisema huku akicheka na kupuliza vidole kwa baridi, kisha akaenda kutafuta kahawa. Mimi nikamwamini. Nilimwona baba kule mbele, zamu yake bado. Nilikuwa na muda wa kumkimbilia, na baadaye nilikuwa na muda mwingine, aliporudi akizipunga tiketi mbili, na mwingine tena wakati tunaacha mifuko yetu kwa mlinzi. Sikusema. Nilitaka kupanda. Nilijua kitu kinachoweza kumharibia baba yangu masomo yake yote, nikamwacha apande kwa sababu nilitaka kupanda. Hivyo ndivyo nilivyoliona, na kwa mtoto wa miaka kumi hakuna hakimu mkali kuliko yeye mwenyewe.

Ngazi za ndani zimelika katikati kwa miguu ya watu, na kwa kuwa mnara umeinama, kuna mahali mwili unasukumwa ukutani na mahali unavutwa upande wa pili. Baba alipanda akiupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili. Alikuwa akitoka jasho katika baridi ile. Kila tulipofika kwenye dirisha nilitamani aseme turudi, na kila aliponiuliza kama nimechoka nilisema hapana.

Juu kulikuwa na upepo na kengele kubwa. Bahari ilionekana kama mstari tu, na ile milima myeupe upande wa pili. Baba aliushika ule uzio wa chuma kwa nguvu, akavuta pumzi, halafu akachuchumaa uso wake ukawa sawa na wangu.

“Maitu,” akasema, “mimi si mwanafunzi tena. Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.”

Mjomba Dezi hakuniambia kwamba mkosi ule ungetimia upesi hivyo. Hilo ndilo lililonipitia kichwani, naapa. Sikujiuliza kwa nini baba anajua, wala nani amemletea habari huko juu. Niliona tu kwamba tumekanyaga jiwe la mwisho na jambo limekwisha kutendeka, na aliyelitenda ni mimi. Baba alikuwa akinitazama. Alikuwa amenyoosha mkono kidogo, kiganja juu, na kucha zake za samawati. Ningeushika tu. Badala yake nikageuza uso kwenye ile milima nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

“Can we go down now?”

Aliinuka akiushika uzio. Kisha akasema sawa, akaniacha nitangulie kwenye ngazi. Chini mjomba Dezi alituuliza tumeona nini. Baba akamwambia tumeona bahari.

Nilirudi Toongabbie na siri tumboni kama jipu. Kanisani waliniuliza Dokta hajambo, nikawa naenda chooni. Baba alipiga simu kila Jumapili saa moja jioni, ambapo kwake ni asubuhi, na kila Jumapili saa moja kasoro mimi nilikuwa bafuni nimefungulia maji. Niliogopa kwamba nikisikia sauti yake nitasema, au yeye atasema: ni wewe. Mama alikuwa akigonga mlango na simu mkononi, nami nikijibu naoga. “Baba yako anauliza mbona siku hizi unaoga sana,” akaniambia siku moja, akicheka. Sikucheka.

Baba alimwambia mama mwishoni mwa mwaka ule. Nilimwona mama amekaa kwenye chumba cha kufulia, mgongo kwenye mashine inayozunguka, simu sikioni. Nilingoja aje anishike sikio, maana niliamini sasa wametaja jina langu. Alipotoka alisema tu kwamba baba atakawia kidogo. Alikawia miaka mitatu zaidi. Hakutaka kurudi mikono mitupu mbele ya watu waliomchangia koti. Jumapili zikaendelea, na maji ya bafuni yakaendelea.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili ulifika mkoba kutoka kwa baba. Wa kahawia, kamba ndefu, na ndani ya kifuniko ameandika Maitu kwa chuma cha moto, herufi ndogo zisizolingana. Mama alisema baba ameutengeneza mwenyewe. Nilidhani maabara inafundisha na ushoni. Niliuona kama hati ya mashtaka, nikaupandisha juu ya kabati, na huko ukakaa.

Alirudi nina miaka kumi na mitano, mvi zimeanza. Akapata kazi ya ghala huko St Marys, akapanda treni kila asubuhi na chakula chake kwenye kopo. Kanisani waliendelea kumwita Dokta, baadhi kwa heshima, baadhi kwa kejeli, na yeye aliwaitikia wote kwa sauti moja. Nyumbani tuliishi kwa adabu. Umekula? Nimekula. Umefunga mlango? Nimefunga. Ule uhuru wa kununiana na kuchekeana ulikuwa umekwisha, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeuondoa.

Ukweli niliupata nikiwa na miaka ishirini, mama akikata sukuma wiki. Alisema kama jambo ninalolijua siku zote, kwamba baba alifeli mtihani wa kumaliza mwaka wa kwanza, akatolewa, na wakati mimi naenda Pisa alikuwa na miezi minane katika kiwanda cha ngozi. Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Harufu, kucha, basi la alfajiri, kiingilio cha bustani, mjomba Dezi na sahani yake. Alipanda mnara kwa sababu hakuwa na cha kupoteza tena, akapanda na woga wake wote, kwa kuwa nililia. Na kule juu hakuwa akinipa habari ya laana. Alikuwa akiungama.

Ningekwenda sebuleni saa ile ile. Alikuwa pale, anatazama mpira. Lakini ili nimweleze nilichodhani ingenibidi nianzie siku aliyofeli, na hatukuwahi kulitamka hilo neno ndani ya nyumba yetu. Nikajiambia namhifadhia heshima yake. Ukweli ni kwamba kunyamaza kulikuwa kumeshanizoea. Siku ya mahafali yangu alikuja na taji la majani, ameomba matawi kwa jirani, amelisuka kwa kamba ya ghalani. Nilipiga nalo picha moja, nikawaona wenzangu wanakuja, nikalivua nikisema linanikuna. Jumapili iliyofuata mama aliyatia yale majani kwenye pilau, maana majani mazuri hayatupwi. Baba alikula sahani mbili.

Mwaka huu alipougua nilikuwa naenda kumsugua mgongo na kumbadilisha shuka. Siku moja, mgongo wake ukiwa kwangu, aliniuliza kama nakumbuka siku tulipopanda mnara. Nakiri kwamba nililielewa swali. Alikuwa amenyoosha mkono tena, safari hii kwa maneno, na mimi ni mtu mzima mwenye mtoto wangu mwenyewe. “Nilikuwa mdogo, baba. Sikumbuki,” nikasema. Akasema afadhali. Nikamaliza kumkausha, nikamvika fulana yake, nikaenda zangu nikijisifu moyoni kwamba nimemwondolea mzigo. Hakumaliza wiki tatu.

Kutoka kwa fundi nilienda moja kwa moja kwa mama, nikauweka mkoba mezani. Mama aliipapasa ile herufi ya kwanza ndani ya kifuniko. Akasema kwamba siku ile niliposema sikumbuki, nilipotoka tu, baba alimwita akamwambia: “Bado ananionea haya. Hata kulitaja hataki.” Tangu Pisa aliamini hivyo, mama akasema. Aliamini alinieleza aibu yake nikageuza uso, na kwamba katika uso ule aliuona wa mama yake mzazi.

Nikamweleza mama yote. Tiketi, mjomba Dezi, majani mabichi, maji ya bafuni. Nilisema kwa Kiswahili, kwa shida, kwa sababu hakuna neno la jambo hili nililowahi kulisema kwa lugha yoyote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho mdomo wazi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaishika meza.

“Mnara?” akasema. “Miaka yote hii ulikuwa unauogopa mnara? Baba yako angelijua hilo angecheka mpaka apaliwe.”

Halafu kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Sikumfariji. Nilikuwa nakisikia kile kicheko kingine, cha baba, alivyokuwa akikirudisha kichwa nyuma na kupiga paja, kicheko ambacho kingetosha kutumalizia sote wawili ule upuuzi kwa dakika moja, wakati wowote katika miaka ile yote. Kilihitaji neno moja tu kutoka kwangu.

Simu ya mama ilikuwa mezani kando ya mkoba. Ilikuwa Jumapili, saa moja kasoro jioni. Nilibaki pale pale kitini mpaka saa ya simu ya baba ikapita.